Nyumba ya Mwange na Neno la Mtihani

Kalemie, Jumatano tarehe 14 Oktoba 1981
Asubuhi mawingu mepesi, upepo wa kusini, ziwa limechafuka.

Mjomba Papa Basile,

Nakusalimu wewe na dada yako, Mama Mkubwa Domitille. Juu ya bahasha nimeandika jina la ukoo jinsi Serikali inavyotaka, maana majina ya Kizungu imeyakataza. Humu ndani mimi bado Angélique.

Inspekta alifika Jumatatu. Walimu wa muda tuko saba, nafasi za kudumu ni mbili. Tarehe 15 Desemba kila mmoja atafundisha somo moja mbele yake, kisha atatoa kazi ya kuandika juu ya neno moja la Kiswahili: maana yake, asili yake, na jinsi watu wanavyolitumia. Maneno aliyatia katika boksi la chaki, tukaingiza mkono mmoja mmoja. Omer alipata "daraja". Emerance alipata "chumvi", akasema ataandika akiwa jikoni. Mimi nilipata "kudumu".

Nilidhani ni rahisi. Leo ni siku ya pili, na katika daftari langu kuna mistari minne, miwili nimeifuta. Wewe ulifundisha miaka thelathini, na una kile kitabu cha maneno cha marehemu padri. Naomba uniambie neno hili lilitoka wapi, na kabla yake wazee wetu walisemaje.

Kifua cha Mama Mkubwa kimepoa? Alitulea mimi na Virginie tangu mama yetu alipofariki, na najua kabla hujamsomea salamu atauliza nililala saa ngapi. Mwambie jana nililala saa nne na robo.

Mpwa wako,
Angélique


Kirungu, tarehe 3 Novemba 1981
(Nimeipokea Jumatano tarehe 11 Novemba.)

Mwanangu Angélique,

Barua yako ililetwa na mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyepanda kutoka Moba. Ilinuka kama kikapu chake, nikaisomea nje.

Kitabu cha padri kinasema neno hili ni la Waarabu. Kwao ni kukaa bila kukoma, na "daima" ni ndugu yake wa tumbo moja. Lilivuka ziwa kutoka Ujiji pamoja na wafanyabiashara, kabla baba yangu hajazaliwa. Walileta nguo, shanga, bunduki na maneno. Nguo zimeoza, bunduki wahunzi walizifua zikawa majembe, na majembe nayo yamekwisha. Neno bado tunalo. Andika hilo, inspekta atalipenda. Kabla ya hapo wazee wetu walisema tu "kitu cha kukaa", na hata leo sokoni hakuna anayeuliza kama sufuria inadumu. Anauliza, "Hii inakaa?" Kudumu ni neno la Jumapili. Watu wameliachia kanisa, ndoa, na hiyo kazi unayoitafuta.

Kama unataka mfano wa kwetu, mweleze habari ya jina la Mwange. Wewe unaijua, yeye haijui. Mwange wa kwanza aliijenga ile nyumba ya majani anamokaa dada yangu. Jina lake halizikwi. Akifa anayelishika, ukoo unatafuta binti wa tumbo lile, unamvika bangili ya shaba, unampa jembe, na tangu siku hiyo yeye njo Mwange. Watoto wa marehemu wanamwita mama hata kama ni mdogo wao. Mwaka wa kwanza wote analala katika nyumba ile, na moto wake hauzimiki. Domitille ni Mwange wa nne. Utakumbuka alipolazwa hospitali miezi mitatu: wewe, mwanawe, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulilala mle ukachochea moto, na hakuna aliyesema nyumba ya Mwange imepoa.

Anakohoa kidogo. Ni baridi ya huku tu. Fanya kazi yako.

Mjomba wako,
Basile


Moba, Jumapili tarehe 8 Novemba 1981
(Nimeipokea Jumanne tarehe 17 Novemba.)

Yaya Angélique, dada yangu mukubwa,

Mjomba alikuandikia kwamba Mama Mukubwa "anakohoa kidogo". Siku ile nilikuwa nimepanda Kirungu, nimesimama nyuma yake, nikaona kalamu inaandika. Alisema usisumbuliwe kabla ya mtihani.

Yaya, hawezi kukaa bila kuegemezwa. Leo masista wa shule waliniruhusu, nilipanda Kirungu baada ya misa, nikamlisha uji. Vijiko vitano. Cha sita alikiacha mudomoni mpaka kikatoka chenyewe.

Mama Elisabeth, yule mukubwa wa wanawake wa ukoo, alikuwepo na wenzake. Alinitazama toka miguu mpaka kichwa kama mutu anayechagua mbuzi. "Na huyu naye amekomaa," akasema. Nikamwambia mimi niko darasa la sita la sekondari, nina mtihani wa Serikali mwezi wa sita. Akauliza, "Mtihani wa nini, mutoto? Wa kusonga bugali?" Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Nililia wakati wa kuteremka, kwa sababu njiani hakuna mutu.

Wote wanasema jina ni lako, wewe njo mukubwa. Lakini wanasema pia kwamba siku ile ikifika na wewe uko mbali, hawatangoja. Watachukua aliye karibu. Aliye karibu ni mimi. Sista Anne-Marie ametuambia orodha ya mtihani inafungwa tarehe 30 Januari. Asiyekuwa darasani siku ile jina lake linakatwa, na shule hairudishi mutu aliyekatwa. Mwaka mmoja katika ile nyumba, Yaya, na shule yangu imekwisha.

Usimwambie Mjomba nimeandika.

Mudogo wako,
Virginie


Kalemie, Jumatano tarehe 18 Novemba 1981
Asubuhi mvua kuanzia saa kumi na moja. Sasa jua kali, matope barabarani.

Virginie mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Nakuomba ufanye haya kwa utaratibu. Mwombe Sista dawa ya kifua, ile ya chupa. Mpeni uji mwepesi mara nyingi badala ya mzito mara moja. Chumba kisiwe na moshi. Na usizungumze tena na Mama Elisabeth juu ya mtihani wako. Akikutazama, shika ndoo uende kisimani.

Nitakuja. Lakini hesabu pamoja nami. Mtihani wangu ni tarehe 15 Desemba. Nikiondoka sasa, meli ikichelewa kurudi kama kawaida yake, nafasi wanapewa wengine wawili. Miaka miwili nimefundisha watoto sabini katika chumba kimoja kwa ajili ya siku ile. Mama Mkubwa aliwahi kukohoa hivi mwaka wa 1977, akapona. Kwa hiyo natumaini ataningoja. Baada ya tarehe 15 nitapanda meli ya kwanza, na kama ni kushika jina, tutazungumza nikiwa pale, mimi si wewe.

Mjomba sitamwambia kwamba najua. Yeye ananificha kwa upendo, na mimi nitamwandikia habari za neno tu.

Jana nililala saa saba kasoro dakika kumi. Usimwambie Mama. Mwambie saa nne.

Yaya wako,
Angélique


Kirungu, tarehe 27 Novemba 1981
(Nimeipokea Jumamosi tarehe 5 Desemba.)

Mwanangu Angélique,

Umeniomba mifano mingine, nikaenda nayo kwa dada yangu, maana mimi nina maneno na yeye ana vitu. Nilimsomea mistari yako. Nakuandikia tulivyosemezana.

Nikamuuliza, "Kitu cha kudumu ni kitu gani?"

Akasema, "Wewe uliyesoma ndiye unaniuliza mimi?"

Nikamwambia inspekta anataka kujua. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Basile, bati za nyumba yako uliziweka lini?"

"Mwaka wa uhuru."

"Ukazitengeneza mara ngapi?"

Nikasema sikuzitengeneza, bati hazihitaji.

"Na sasa mvua inanyesha wapi?"

Wewe unajua inanyesha juu ya kitanda changu.

"Paa langu ni la majani," akasema. "Kila mwaka wa pili tunapanda kubadilisha. Mama alilalamika, bibi alilalamika, mimi nimelalamika mpaka mumenichoka. Kitu cha kudumu ni kile watu wamechoka kukitengeneza, na bado wanakitengeneza. Andikia mutoto hivyo. Na muulize analala saa ngapi."

Hiyo ndiyo barua yote, mimi sina cha kuongeza. Amechoka kidogo kwa kusema mengi.

Mjomba wako,
Basile


Moba, Jumapili tarehe 6 Desemba 1981
(Nimeipokea Jumamosi tarehe 12 Desemba.)

Yaya,

Kuna meli inayotoka Kalemie Jumatatu tarehe 14. Nimeuliza bandarini. Panda hiyo. Leo Mama Mukubwa aliniita kwa jina la mama yetu, akaniomba nifunge mlango, na mlango ulikuwa umefungwa.

Mama Elisabeth amekwisha kutoa bangili kwenye sanduku ili isuguliwe.

Virginie


Kalemie, Jumapili tarehe 13 Desemba 1981
Asubuhi tulivu, ziwa kama sahani.

Virginie,

Nimefunga begi, nimelifungua. Meli ni kesho, mtihani ni keshokutwa. Nilikwenda kwa mkurugenzi wa shule nyumbani kwake baada ya misa, nikamwomba amwambie inspekta anisogezee siku. Alikuwa anakula. Akasema, "Mwalimu, kila mtu hapa ana mama mkubwa."

Meli inayofuata ni tarehe 21. Siku saba tu. Mshikilie siku saba. Nisamehe, sioni njia nyingine, nimeitafuta kwa kalamu na karatasi.

Jana nililala saa tisa.

Angélique


Kalemie, Jumatano tarehe 16 Desemba 1981
Asubuhi mvua, imekatika saa mbili.

Mjomba Papa Basile,

Mtihani umekwisha jana. Niliandika kurasa sita. Asili ya neno niliiweka kwanza kama ulivyonipa, na mwishoni maneno ya Mama Mkubwa juu ya paa. Inspekta aliyasoma kwa sauti mbele ya wote, akauliza nimeyatoa kitabu gani. Nikasema kwa mama yangu, yuko Kirungu. Mwambie hilo leo leo.

Nilitaka kuja na meli ya juzi lakini ilijaa. Nitakuja tarehe 21.

Jana nililala saa mbili usiku, kama mtoto.

Angélique


Kirungu, tarehe 28 Desemba 1981
(Nimeipokea Alhamisi tarehe 14 Januari 1982. Ilipita njia ya Pepa na lori lililokufa gurudumu.)

Mwanangu Angélique,

Kaa chini kabla ya kuendelea.

Domitille alifariki Jumatano tarehe 16, alfajiri, mvua ikinyesha. Hakuteseka mwishoni. Barua yako ilinifikia tumekwisha kumzika, kwa mkono wa baharia aliyekuja na mtumbwi. Niliisoma mbele ya kaburi sehemu ile ya inspekta, kwa sababu uliagiza aambiwe leo leo.

Tulikungoja. Mama Elisabeth alitaka wamalize siku ya nne. Nikasema wewe unakuja tarehe 21, tungoje meli. Tukangoja tarehe 21, tukangoja tarehe 24. Kila asubuhi mtu aliteremka bandarini na kurudi. Walisema mafuta hakuna. Tarehe 26 matanga yaliondolewa na Virginie alivikwa bangili. Hakukataa. Aliuliza swali moja tu, kama anaweza kuweka vitabu vyake ndani ya nyumba. Wanawake walitazamana, kisha wakasema vitabu havikatazwi.

Sasa uelewe jambo moja usije ukashtuka. Mpaka mvua hizi ziishe Mwange hasemi kwamba Mwange amekufa. Akikuandikia ataandika kama yeye mwenyewe, na wewe ni mwanawe. Ndivyo ilivyo, na Domitille mwenyewe aliwahi kumwandikia hivyo kaka yake, ambaye alikuwa mimi. Nilikasirika mwezi mzima.

Nilikuficha ugonjwa. Nilidhani nakulindia mtihani. Usinijibu juu ya hilo.

Basile


Kirungu, tarehe 2 Januari 1982
(Nimeipokea Jumamosi tarehe 9 Januari.)

Mwanangu Angélique,

Salamu nyingi za mwaka mpya. Mimi niko. Nimekaa mlangoni, mvua imetulia, kuku wako juu ya kuni. Kikohozi kimekwisha.

Nimesikia habari za inspekta. Ulifanya vizuri kumwambia ni maneno ya mama yako.

Mahindi yameota mpaka kwenye magoti. Paa linavuja upande wa jiko, tutalibadilisha kiangazi. Vitabu viko kwenye sanduku la nguo, mvua haivifikii. Nikipata nafasi ninavifungua, lakini wanawake wanakuja mapema na kukaa sana, na si vizuri Mwange kuwapokea akiwa na kitabu. Kwa hiyo navifunga.

Usiwe na mashaka juu yangu. Ninalala saa mbili. Wewe mwanangu unalala saa ngapi?

Mama yako,
Mwange


Kalemie, Jumapili tarehe 10 Januari 1982
Asubuhi jua, hakuna wingu hata moja.

Mama yangu mpendwa,

Barua yako nimelala nayo chini ya kichwa. Nilipoona mwandiko wa Virginie juu ya bahasha nilidhani ni msiba, nikaifungulia pale pale bandarini. Kisha nikasoma "Mimi niko", nikajua wewe ulisema na yeye akaandika, kama zamani. Nilicheka peke yangu mpaka wachukuzi wakaniuliza kama nimepokea mshahara.

Mama, nilikuja bandarini asubuhi kumi na tisa. Meli ya tarehe 21 haikuondoka, mafuta hayakuwepo, na kila siku walisema kesho. Sikukutupa. Lakini nikuambie kweli, maana Mjomba nilimdanganya: ile ya tarehe 14 haikujaa. Nafasi ilikuwepo. Niliiacha kwa sababu ya mtihani. Sasa kwa kuwa umepona naweza kuisema.

Nimepata nafasi. Mimi na Omer. Barua ya Serikali inasema "mwalimu wa kudumu".

Niliogopa mengi. Niliogopa kwamba utatutoka na watamvika Virginie bangili, yule mtoto aliyebakiza miezi mitano. Mwambie afunge virago arudi shule mara moja, likizo imekwisha. Akikaa huko kwa ajili ya kukuuguza, mfukuze kwa fimbo. Orodha inafungwa tarehe 30.

Meli inaondoka kesho, naipa barua hii. Jana nililala saa tatu na nusu, bila kuamka hata mara moja.

Mwanao,
Angélique


Kalemie, Ijumaa tarehe 15 Januari 1982
Asubuhi ukungu, mlima hauonekani.

Mjomba Papa Basile,

Barua yako ya tarehe 28 imefika jana, baada ya ile ya Mwange. Mimi nilimjibu Mwange tarehe 10 nikidhani namjibu Mama Mkubwa. Barua ile imeondoka na meli ya Jumatatu, siwezi kuirudisha. Kwa hiyo Virginie amekwisha kunisoma nikifurahi, na amesoma kwamba nafasi ilikuwepo na sikupanda. Nimemwagiza mama yangu amfukuze mdogo wangu arudi shule. Tangu jana najaribu kumwona akisoma mstari ule mbele ya wanawake.

Sitakujibu juu ya ugonjwa. Mimi nilikuwa najua tangu Novemba, Virginie aliniandikia. Kwa hiyo ulinificha kitu nilichokuwa nacho mfukoni, na mimi nikakuficha kwamba ninacho. Nilikuwa na barua, na meli, na nafasi katika meli. Nilichagua kuandika kurasa sita juu ya kudumu.

Mjomba, nimesoma barua zako zote upya na kupiga mstari. Wewe mwenyewe uliandika tarehe 3 Novemba kwamba Mama Domitille, naye alikuwa Mwange, alilazwa miezi mitatu, na kwamba mimi mwanawe nililala ndani nikachochea moto, na hakuna aliyesema nyumba imepoa. Nakubali jina limekwisha kushikwa. Sitaki kumvua mtu bangili. Virginie ni Mwange. Basi mimi ni mwanawe, na mama akiwa na safari, mwanawe anakaa nyumbani. Mwange ana safari ya kwenda Moba, kwa masista, mpaka mwezi wa saba. Mimi nitalala ndani.

Muulize Mama Elisabeth ni mila gani inayokataza. Muulize mbele ya wenzake. Na usimuulize kama unaomba.

Mkurugenzi nimemwandikia kuomba likizo bila mshahara. Alisoma akaniuliza, "Mwalimu wa kudumu wa siku nne?" Hakuniahidi kwamba nitaikuta nafasi. Meli inatoka tarehe 25, wamesema mafuta yapo. Walisema hivyo mwezi wa kumi na mbili pia. Isipoondoka nitatafuta mtumbwi wa mota, hata kama ziwa ni baya.

Jana sikulala. Ninaiandika hivyo kwa sababu saa ya kutaja sina.

Angélique


Kirungu, tarehe 21 Januari 1982
(Nimeipokea Jumapili tarehe 24 Januari.)

Mwanangu,

Nilimuuliza mbele ya wenzake. Alimenya kikapu kizima cha karanga. Kisha akasema, "Mwange gani huyu anayekwenda shule?" Nikamjibu, "Wa tano." Mmoja nyuma akacheka, mwingine akasema hata wa pili alikuwa anakwenda Ujiji kuuza chumvi, na binti yake ndiye alilinda moto. Mama Elisabeth akasema kama binti yupo na amelala ndani, yeye hana neno. Kama hayupo, Mwange hatoki hata hatua moja.

Kwa hiyo si kuahidi, ni kufika. Wamekwisha kukungoja mara moja.

Virginie alisoma barua yako ya tarehe 10. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akaiweka chini ya mkeka. Jioni aliniuliza safari ya meli toka Kalemie inachukua saa ngapi.

Basile


Kirungu, Jumapili tarehe 31 Januari 1982
Asubuhi baridi, ukungu umeingia mpaka ndani ya nyumba. Mvua tangu saa sita mchana.

Mama yangu Mwange,

Juzi hatukupata nafasi ya kuzungumza. Meli ilichelewa siku tatu, nikapanda kilima mbio na begi kichwani, nikakukuta umekaa mlangoni umevaa sare ya shule, na bangili mkononi, na wanawake kumi na wawili wamekuzunguka wakitazama jua. Nilijua niseme nini, nilikuwa nimekiandaa tangu Kalemie, lakini mdomo ulikataa. Wewe una miaka kumi na minane. Nilikufundisha mimi kufunga kamba za viatu. Mama Elisabeth alikuwa ananitazama kinywani. Kisha ukasema, "Mwanangu, umechelewa, chakula kimepoa," na mimi nikapiga magoti nikasema, "Nisamehe, Mama." Nilikuwa naomba msamaha wa tarehe 14 Desemba. Nadhani ulijua.

Wao walisikia salamu tu. Mama Elisabeth akasema, "Haya, Mwange, teremka, utachelewa."

Mjomba ameniambia jana Sista Anne-Marie alisoma orodha na jina lako limo. Aliona bangili. Akasema sare haina bangili. Ukasema hii haivuliwi. Akaandika kitu kwenye daftari lake na kupita. Sijui aliandika nini. Usiku nitaliwaza hilo, kwa hiyo niandikie.

Moto unawaka. Kuni ulizoacha zinatosha wiki mbili. Paa upande wa jiko linavuja zaidi ya ulivyosema; nimeweka sufuria mbili na beseni. Bonaventure wa jirani anasema majani ya kuezeka yatakuwa tayari mwezi wa sita, nami nimemwambia tutaanza bila kungoja Mwange amalize mtihani. Nimeuliza paa linavyofungwa. Mikono yangu ni ya chaki, wanawake wamekwisha kuicheka. Mama Elisabeth alileta kamba, akanionyesha fundo mara moja, akalifungua, akaniachia.

Daftari langu la mtihani nimekuja nalo. Ukurasa wa sita, pale inspekta alipoandika "Vizuri sana", kuna maneno ya Mama Domitille. Nilisoma yote leo, wakati maji yanadondoka kwenye beseni. Nilikuwa nimeyaandika bila kosa hata moja.

Barua hii nimeimalizia Jumatatu asubuhi kwa ajili ya mama wa ndagala. Umeuliza katika barua yako ya tarehe 2 na sikukujibu sawasawa, maana sikujua ni nani anayeniuliza. Jana, Mama, nilichochea moto mara ya mwisho, nikamwaga beseni, nikalala saa tano na dakika ishirini.

Mwanao,
Angélique